UZI: Bunduki ya kuwinda ya nusu-otomatiki, inakufaa kweli?

1/ Kila mjadala wa bunduki ukianza huku mtandaoni, mambo huenda hivi: mmoja anaweka picha ya bunduki nyeusi na kusema "hii ni silaha ya vita." Mwingine anajibu "wacha ushamba, hiyo ni ya kuwinda tu." Baada ya hapo ni matusi hadi usiku. Leo tuifungue hii mada polepole. Chukua chai.

2/ Sheria za uzi huu mnazijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, si muuza bunduki na si wakili. Kazi yangu ni kuonyesha hoja zinavyosimama, ndio ukienda kubishana ubishane na kitu unachokielewa.

3/ Mbona mada hii sasa? Kwa sababu swali linakuja mara kwa mara kutoka kwa Wakenya walio majuu, hasa Marekani: "Wenzangu kazini wanaenda kuwinda kulungu kila msimu. Wananiambia ninunue ile bunduki ya kisasa ya nusu-otomatiki. Inanifaa?" Linaonekana swali la dukani. Lakini ndani yake kuna siasa yote ya bunduki.

4/ Tuanze na chuma chenyewe. Bunduki ya kawaida ya kuwinda unaikoki kwa mkono. Ukifyatua, unavuta kishikio nyuma, ganda la risasi linaruka nje, unasukuma mbele, risasi mpya inaingia. Kila risasi inataka mkono wako. Ni chuma rahisi, hakina mambo mengi.

5/ Nusu-otomatiki inajifanyia hiyo kazi. Kwa nyingi za kuwinda, sehemu ya gesi moto inayosukuma risasi kwenye mtutu inarudishwa kusukuma mtambo: ganda linatoka, risasi inayofuata inaingia. Wewe unavuta kifyatulio tu. Lakini sikiliza vizuri: mvuto MMOJA, risasi MOJA. Ukitaka ya pili, achilia kidole kisha uvute tena.

6/ Otomatiki kamili ni ile ukishikilia kifyatulio inaendelea kumwaga mpaka uachilie ama risasi ziishe. Hiyo ndiyo ya jeshi. Marekani raia haruhusiwi kununua mpya ya aina hiyo tangu 1986. Kwa hivyo anayesema "Marekani unaingia duka unatoka na bombomu" anakosea. Na anayesema "nusu-otomatiki ni sawa tu na ya kukoki" anakosea pia. Kasi si moja, na kasi ndiyo mzizi wa ubishi wote huu.

7/ Halafu kuna jina. AR-15, ile nyeusi inayopigwa picha sana. Wengi hudhani "AR" ni kifupi cha bunduki ya mashambulizi. Hapana. Inatokana na ArmaLite, kampuni iliyoibuni miaka ya 1950. Colt ilianza kuwauzia raia toleo la nusu-otomatiki katikati ya miaka ya 1960, na ndugu yake wa otomatiki, M16, akaenda jeshini. Familia moja, kazi mbili.

8/ Sasa linganisha na Ruger Mini-14. Ina kitako cha mbao, inafanana na bunduki ya babu wa shambani. Lakini nayo ni nusu-otomatiki, na inatumia risasi za ukubwa ule ule wa AR-15 ya kawaida. Weka picha zao mbili mezani, watu wengi watakwambia moja ni ya vita na nyingine ya sungura. Macho yanadanganya.

9/ Na si mzaha. Mwaka 2011 nchini Norway, gaidi aliua watu 69 kwenye kisiwa cha Utøya, wengi wao vijana waliokuwa kambini. Moja ya silaha zake ilikuwa Mini-14. Aliipata kihalali, na sababu aliyoandika kwenye maombi ilikuwa kuwinda kulungu. Kumbuka hilo neno "sababu." Tutarudi kwake.

10/ Basi, mtu wangu wa majuu, inakufaa? Usianze na sura, usianze na YouTube. Anza na kazi. Maswali matano, kwa mpangilio.

11/ SWALI LA KWANZA: unawinda nini? Kulungu husimama, unapiga risasi moja nzuri, basi. Ukikosa, kwa kawaida ameshaingia msituni. Kwa kazi hiyo, ya kukoki kwa mkono inatosha kabisa. Mara nyingi ni nafuu, haina vyuma vingi vya kuharibika, na kwa bei ile ile kwa kawaida inalenga vizuri zaidi.

12/ Nguruwe mwitu ni hadithi nyingine. Texas wanafukua mashamba usiku kucha, wakija wanakuja kundi. Huko tangu 2019 huhitaji hata leseni ya uwindaji kuwapiga kwenye shamba la mtu binafsi, bora mwenye shamba akukubalie. Mkulima anayetaka kupunguza kundi kabla halijatawanyika ana sababu inayoeleweka ya kutaka risasi ya pili haraka.

13/ Faida nyingine ya kweli: nusu-otomatiki ya gesi hukupiga teke kidogo begani, kwa sababu sehemu ya nguvu inatumika kusukuma mtambo. Kwa mtu mwenye bega bovu ama anayeogopa mshtuko, hilo ni jambo. Hasara: husafishwa zaidi, huchagua risasi zaidi, na humshawishi anayeanza kupiga mbio mbio badala ya kulenga. Mnyama aliyejeruhiwa akatoroka anakufa vibaya, na nyama imepotea.

14/ SWALI LA PILI: sheria ya hapo ulipo inasemaje? Marekani si nchi moja kwa mambo haya. Pennsylvania ni jimbo la wawindaji kwelikweli, lakini kulungu hapigwi kwa bunduki ya nusu-otomatiki. Colorado inaruhusu, ila zisizidi risasi sita kwa jumla, za kwenye magazini pamoja na iliyo ndani ya mtutu.

15/ Virginia nayo inataka bunduki ya kulungu iwe na kipenyo cha inchi 0.23 kwenda juu. AR-15 ya kawaida ni 0.223. Yaani unaweza kutoa pesa zako zote, ufike msimu, uambiwe hiyo yako haifai kulungu. Sababu ni kwamba risasi ndogo humjeruhi mnyama mkubwa bila kumwangusha. Kwa hivyo yule aliyekuambia "hii ni ya kuwinda" muulize: kuwinda nini, na wapi?

16/ SWALI LA TATU, na hapa ndipo Wakenya wengi wanaweza kuumia: makaratasi yako yakoje? Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu asiye na kibali cha kukaa nchini kumiliki bunduki ama hata risasi. Na aliyeingia kwa viza ya muda (mwanafunzi, mfanyakazi, mtalii) amekatazwa pia, isipokuwa kwa misamaha michache. Mmoja wa misamaha hiyo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo.

17/ Mwenye green card anaruhusiwa na sheria ya shirikisho, ila ya jimbo lake inaweza kuongeza masharti. Dukani utajaza fomu inayouliza hali yako ya uhamiaji. Kudanganya hapo ni kosa la jinai. Na kosa la bunduki linaweza kukufukuzisha nchini hata kama una green card, umekaa miaka na watoto wamezaliwa huko.

18/ Na ile njia ya mkato, "wacha rafiki mwenye makaratasi aninunulie," usijaribu. Kumnunulia mtu aliyekatazwa ni kosa kwake, na wewe kuishika ni kosa kwako. Mnaenda wawili. Kabla ya kulipa chochote, lipia saa moja ya wakili wa uhamiaji. Ni rahisi kuliko tiketi ya kurudi JKIA usiyoipanga.

19/ SWALI LA NNE: nyumbani kuna nani? Hili halipigiwi kelele kwenye mijadala. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni watu kujiua. Si majambazi, si mashambulizi ya shule. Ni mtu nyumbani kwake, siku mbaya, na bunduki iko karibu. Kama wewe ama mtu unayeishi naye anapitia wakati mgumu, jibu la "inanifaa?" kwa sasa ni hapana, hata kama makaratasi yote ni safi.

20/ Kama hakuna hatari hiyo, bado uulize: kuna sefu? Risasi zinafungiwa mahali pake? Watoto wa jirani huja kucheza? Bei ya bunduki bila bei ya sefu ni nusu ya bei.

21/ SWALI LA TANO: umejifunza? Majimbo ya Marekani yana kozi za usalama wa uwindaji, na mengi yanaidai kabla ya kukupa leseni. Nenda kwanza, azima bunduki ya kukoki kwa mwalimu ama kwenye uwanja wa shabaha, uone hata kama unapenda kukaa kwenye baridi saa tano ukingoja kulungu asiyekuja.

22/ Jibu langu kwa anayeanza na anayetaka kulungu: anza na ya kukoki. Nusu-otomatiki ni ya mwenye kazi inayoidai: nguruwe mwitu shambani, bega lenye shida, mahali sheria inapokubali. Kama sababu yako ni "ni ya kisasa" ama "kila mtu anayo," hiyo si sababu. Hayo ni mapambo.

23/ Sasa tutoke dukani tuingie bungeni. Nchi zote zilizojaribu kudhibiti hizi bunduki zilikwama mahali pamoja: mstari uchorwe wapi kati ya "ya kuwinda" na "ya kuua watu"? Kuna njia nne kuu. Ukizijua hizi nne, utaelewa karibu kila ubishi.

24/ NJIA YA 1: kuchora kwa SURA. Marekani, sheria ya 1994 iliyoisha 2004. Pamoja na kutaja majina ya bunduki kadhaa, ilihesabu vitu kama mshiko wa bastola, kitako cha kukunja na mahali pa kufunga singe. Watengenezaji wakaondoa kimoja kimoja, wakaendelea kuuza mtambo ule ule. Na ile Mini-14 ya mbao? Iliorodheshwa kwa jina miongoni mwa mamia ya bunduki zilizosamehewa, mradi isiwe na kitako cha kukunja.

25/ NJIA YA 2: kuchora kwa MTAMBO. Uingereza, baada ya watu 16 kuuawa Hungerford mwaka 1987, mwaka uliofuata ilipiga marufuku bunduki ndefu za nusu-otomatiki isipokuwa zile ndogo za 0.22. Australia, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwaka 1996, ilifanya karibu hivyo hivyo, ikaacha mlango mwembamba kwa wenye kazi maalum, na serikali ikanunua na kuharibu zaidi ya bunduki 600,000. Mstari ni wazi. Lakini mwindaji mwaminifu naye alipoteza yake.

26/ New Zealand ilichanganya. Machi 2019 watu 51 waliuawa katika misikiti miwili ya Christchurch. Hata mwezi haukuisha, bunge likapiga marufuku nusu-otomatiki nyingi, lakini likawaachia wakulima na wawindaji zile ndogo za 0.22 zenye magazini isiyozidi risasi kumi. Yaani walijiuliza: kazi ya shambani inahitaji nini hasa? Wakaacha hicho tu.

27/ NJIA YA 3: kuchora kwa ORODHA. Canada, Mei 2020, ilipiga marufuku takriban aina 1,500 kwa majina. Mwishoni mwa 2022 serikali ikataka kupanua, na safari hii zikaguswa bunduki ambazo watu wa kaskazini na jamii za wenyeji wa asili hutumia kupata nyama ya familia. Kelele ikawa kubwa. Februari 2023 serikali ikaondoa pendekezo hilo.

28/ Mfano mmoja uliozua ubishi hapo: SKS. Ilizaliwa kama bunduki ya jeshi la Kisovieti. Kwa historia ni ya vita, kwa matumizi ya leo kaskazini mwa Canada ni ya kitoweo. Sasa hiyo utaiweka wapi? Ukiulizwa "ni ya vita ama ya kuwinda," wakati mwingine jibu la kweli ni: zote mbili, inategemea mikono.

29/ NJIA YA 4: kuchora kwa IDADI ya risasi. Canada magazini ya nusu-otomatiki ya kuwindia kwa kawaida haizidi tano. Ile Colorado ya risasi sita ni wazo lile lile, ingawa hiyo ni kanuni ya msimu wa kuwinda, si ya umiliki. Mantiki: kulungu hahitaji risasi 30, kwa hivyo anayetaka 30 ana kazi nyingine. Udhaifu wake: magazini ni kitu kidogo, ni rahisi kukificha na kukibadilisha.

30/ Turudi nyumbani. Hoja hizi za Marekani tunazinakili hapa kama zilivyo, na nyingi hazitoshei. Hoja ya kwanza: Kenya hatuna uwindaji. Ulipigwa marufuku 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikuurudisha. Kwa hivyo mtu wa Nairobi akisema nusu-otomatiki yake ni "ya kuwinda," muulize anamwinda nani.

31/ Hata jirani zetu Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii uko kwa leseni, wawindaji hawaruhusiwi kutumia otomatiki wala nusu-otomatiki. Mgeni anayelipa pesa nyingi kuja kuwinda anakuja na ya kukoki. Na anapata wanyama wake.

32/ Hoja ya pili: "ni haki yangu." Marekani wana kifungu cha katiba tangu 1791 kuhusu raia na silaha. Katiba yetu ya 2010 haina. Hapa bunduki ni kibali, si haki. Chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, lazima uwe na cheti, uonyeshe sababu nzuri, uridhishe kwamba hutahatarisha watu, na cheti kinaweza kufutwa. Ukikamatwa na AK-47, G3 ama MP5 bila idhini, adhabu ni kifungo cha maisha.

33/ Kwa hivyo walio majuu, hata usifikirie kuituma nyumbani kama zawadi ya mzee. Bila kibali cha kuingiza silaha nchini, unamtumia mzee kesi.

34/ Hoja ya tatu ndiyo nzito. Mtu wa Baringo, Turkana, Samburu ama Pokot Magharibi akisikia tunabishana kuhusu kulungu, anashangaa. Yeye anauliza: majangili wakija saa nane usiku na kituo cha polisi kiko kilomita nyingi, nafanya nini? Huyo hasemi kuhusu kuwinda. Anasema kuhusu kuishi. Ni kazi nyingine kabisa, na inadai mjadala wake.

35/ Upande mmoja unasema: mpe raia silaha, serikali iko mbali. Upande wa pili unasema: bunduki ukishaitoa hairudi, jirani naye atatafuta kubwa zaidi, na wizi wa mifugo uliokuwa wa mishale tayari umekuwa wa AK. Katikati tuna polisi wa akiba: bunduki ni ya serikali, mtu ni wa kijiji. Hata huo mpango unayumba. 2019 bunduki zao zilikusanywa katika kaunti kadhaa, baadaye wakaanza kurudishwa.

36/ Mimi naegemea hapa: serikali iliyoshindwa kumlinda mtu haina uso wa kumwambia asiogope. Lakini dawa ya polisi kukosekana ni polisi kuwepo. Nikipelekewa bunduki badala ya kituo, nimeachiwa kazi ya serikali, na sijalipwa. Unaweza kupinga, nafasi iko hapo chini.

37/ Sasa rudi kwa lile neno "sababu." Norway sababu iliandikwa, ikakubaliwa, na vijana wakafa. Ina maana kuuliza sababu hakusaidii? Hapana. Ina maana sababu ya kwenye karatasi haitoshi. Lazima kazi, mtambo, idadi ya risasi na mtu mwenyewe viangaliwe pamoja. Anayewinda kulungu anahitaji nini hasa? Kinachozidi hapo kinaombwa kwa kazi gani?

38/ Kwa hivyo mjadala ukiwaka tena, uliza vitu vinne kabla ya kuchagua upande: Ni kazi gani? Mtambo gani? Risasi ngapi? Mikononi mwa nani, na nani anaishi naye? Mwanasiasa yeyote, wa upande wowote, akikuonyesha picha ya bunduki bila kujibu hayo manne, anakuuzia sura tu.

39/ Na kwa mtu wangu wa majuu: makaratasi kwanza, kozi pili, sefu tatu, bunduki mwisho. Ukifika mwisho na bado unataka nusu-otomatiki, angalau utakuwa na jibu ukiulizwa ya nini.

40/ Mwisho wa uzi. Kama sheria ya jimbo unapoishi ni tofauti, iweke hapa chini wenzako wasome. Maswali karibu, matusi peleka kwingine. Sambaza kwa yule binamu anayetumiwa picha za bunduki kwa WhatsApp.